Aliyepakua Sahani ya Kwanza

Nolfa Cárcamo bado yuko pale pale alipotukatia utamu Jumamosi iliyopita. Magoti yako sakafuni, mkeka ameukunja pembeni, na kidole chake kimo ndani ya alama nyeusi ya pasi iliyounguza ubao.

Alama ile aliitia yeye mwenyewe alipokuwa msichana mdogo. Pasi ya mkaa ilimponyoka, na mama yake, marehemu Zoila, akamcharaza kwa kamba ya ng'ombe hadi akalala kifudifudi. Ubao ule ni wa jikoni kwa huyo Zoila, kule Tenqui, ng'ambo ya mkono wa bahari. Sasa ubao wa Tenqui unafanya nini hapa Huemay, chini ya mkeka wa Etelvina Barría?

"Umeangusha nini, shoga?"

Etelvina alikuwa mlangoni, birika mkononi, tabasamu limemjaa uso. Ndiye huyu huyu rafiki wa tangu utotoni aliyepiga simu kule Punta Arenas akibembeleza: njoo shoga, njoo upumzike kwetu, uangalie bahari, ule vya nyumbani kabla hatujazeeka. Nolfa alikuwa ameishi huko kusini miaka thelathini. Hotelini alikokuwa akifanya kazi walikuwa wamemwambia wanataka wasichana wenye miguu mizima. Akafungasha, akaja.

"Etelvina, hii ni nyumba ya mama."

"Eeh."

Basi. Eeh! Kama aliyeulizwa kama mvua inanyesha.

"Uliniambia dhoruba imeibomoa! Uliniambia hakuna hata ubao mmoja uliobaki! Nililia mwezi mzima!"

"Na dhoruba yenyewe ni mimi," Etelvina alisema, akamimina chai. "Kaa unywe, inapoa."

Nolfa aliinuka. Aliangalia kuta, dari, dirisha lenye kioo cha kijani. Wamepaka rangi mpya, wamegeuza ngazi, wametundika mapazia. Lakini ukishaijua sura ya nyumba uliyozaliwa, huwezi tena kutoijua. Alijiona mjinga. Siku mbili nzima amelala ndani ya chumba cha mama yake akimsifu mwenyeji wake kwa nyumba nzuri.

"Mwizi wewe."

"Mwizi?" Etelvina aliweka birika chini. "Mwizi huja gizani, bibie. Mimi niliileta mchana kweupe, kodiani linapigwa, maksai wa visiwa viwili wakivuta. Nani alipita mlango kwa mlango kuomba watu? Mimi. Nani aliwapikia? Mimi. Nani alimpa mzee Raín sahani ya kwanza mkononi? Mkono huu hapa, utazame vizuri."

Hapo Nolfa alikuwa amebanwa. Huku kwetu nyumba huhama. Mtu akitaka nyumba yake mahali pengine, huomba msaragambo, majirani huja na maksai na magogo, huiburuta hadi majini, huielesha, huivuta na mashua. Hakuna anayelipwa. Wanalishwa tu. Na yule anayempa kiongozi wa wavutaji sahani ya kwanza, huyo ndiye mwenye nyumba, hata uje na hati tatu zenye mihuri. Watu wamefuta kesi mahakamani kwa sababu ya sahani.

"Uliwaambia nini?"

"Kwamba umenipa. Kwamba huko kusini umeshakuwa bibi mkubwa, huna haja na kibanda kinachonuka samaki."

"Nilikuwa naosha vyombo! Napakulia wageni!"

"Wangejuaje? Ulikuja kuwaambia? Hata mama yako hukuja kumzika."

"Ulinipigia simu mmeshamzika!"

"Nilikuwa na shughuli nyingi wiki ile," Etelvina alisema. "Nilikuwa nahamisha nyumba."

Nolfa aliinua mkono ampige kofi. Mlango ukafunguliwa, akaingia Clodomiro Guineo, mume wa Etelvina, kabeba kuni kifuani. Alimwona mgeni kainua mkono, akauona mkeka uliokunjwa, akaelewa kila kitu. Akaanza kupanga kuni kando ya jiko, moja moja, kwa utaratibu.

"Na wewe ulijua?" Nolfa alimuuliza.

"Nilijua."

"Ukanyamaza?"

"Nimezoea."

Etelvina alicheka hadi akajishika mbavu. "Mwache mume wangu! Au umesahau nani alimfundisha kunyamaza?"

Wasomaji wapya, na najua mpo, niwape kidogo tu. Clodomiro alikuwa mchumba wa Nolfa. Siku ya kwenda kwa padri alimsubiri gatini, kavaa suti ya kuazima, na Nolfa akapita mbele yake mkono kwa mkono na mkata manyoya ya kondoo, wakapanda meli ya kusini. Yule mkata manyoya alimwacha kabla theluji haijayeyuka. Clodomiro alibaki pale gatini mpaka Etelvina alipomwokota, kama watu wanavyookota kuni zilizoletwa na maji. Tangu siku hiyo anachanja kuni, anaendesha mashua, na anafunga mdomo.

"Nyumba hii naitaka," Nolfa alisema. "Sina nyingine, Etelvina. Sina pa kulala duniani isipokuwa hapa."

"Unaitaka?" Etelvina alifungua mlango kwa mguu, upepo ukaingia. "Nenda kaombe watu basi! Pita mlango kwa mlango na viatu vyako hivyo vya mjini. Nione kama kuna maksai hata mmoja atakayesogeza kwato kwa ajili yako!"

Nolfa alichukua sanduku lake, akatoka mvuani.

*

Wa kwanza Nolfa kumwendea alikuwa mzee Baldomero Raín mwenyewe, kiongozi wa wavutaji. Alimkuta anakwangua tope kwenye kwato za maksai wake.

"Wewe ni wa Zoila," mzee alisema bila kuinua kichwa.

"Ndiyo, mzee. Nimekuja kuomba watu."

"Tuliambiwa nyumba huitaki. Inanuka samaki."

"Nilisingiziwa, mzee. Na mimi niliambiwa imebomoka."

Mzee Raín aliacha kukwangua. Alimtazama kwa muda, kuanzia kwenye viatu kupanda juu, na alipofika usoni akatema mate pembeni.

"Mama yako alikaa na mke wangu alipokuwa anakufa," alisema. "Alimwosha, alimlisha uji. Kwa hiyo nitakuja. Usijipe kichwa, siji kwa ajili yako. Wewe ungekufa barabarani ningewazungusha maksai wasikukanyage, basi."

"Asante, mzee."

"Na kwa huyo Etelvina sitii mguu tena. Anajua kuomba watu, lakini akiombwa yeye, mara kiuno, mara mafua. Tumechoka naye."

Nolfa alipita milango yote ya Huemay, akavuka akapita na ya Tenqui. Kila mlango ulimchoma mwiba wake. Mmoja akamuuliza kama huko kusini watu husahau njia ya kaburini kwa mama zao. Mwingine akauliza kama yule mkata manyoya naye anakuja kuvuta. Mwanamke mmoja alimwacha asimame mvuani mpaka akamaliza kukanda unga, ndipo akajibu. Lakini wote, mmoja mmoja, wakasema neno lile lile, kwamba watakuja kwa ajili ya Zoila.

Nolfa aliyameza matusi yote, moyo unaruka kwa furaha. Atairudisha nyumba Tenqui, ataiweka palepale ilipokuwa, ataupaka nta ule ubao ulioungua. Akatoa akiba yake yote, kila alichokificha kwenye soksi tangu aanze kupakua supu za wageni, akanunua kondoo, viazi, soseji, na kome magunia kwa magunia.

Sasa sikilizeni vituko.

Siku moja kabla ya msaragambo, Nolfa akiwa anachambua kome nyuma ya banda la mzee Raín, alitokea Etelvina. Amejifunga kitambaa cheusi kichwani. Macho yamevimba. Akapiga magoti kwenye tope, kwenye tope kabisa, akaikumbatia miguu ya Nolfa.

"Nimeshindwa, shoga. Umeniweza. Wote wamekubali kwako, na mimi hakuna anayenisalimia. Nisamehe."

"Inuka, Etelvina. Watu wanatazama."

"Watazame! Nilikuonea wivu tangu tukiwa wadogo. Wewe ulipewa kila kitu, ukakiacha. Mimi niliokota ulivyoviacha, nyumba, mume, kila kitu. Unadhani ni raha?" Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Chukua nyumba. Niruhusu tu niwe nawe kesho. Nikupepee moto, nikuchotee maji, basi. Usiniache nikae peke yangu dirishani kama mkoma."

Wewe ungefanyaje? Mimi ningemmwagia ndoo ya maganda. Nolfa alimwinua, akamfuta tope, wakalia pamoja kama wanawali. Alikuwa na njaa ya rafiki, yule mama. Njaa hiyo ilimponza.

*

Siku ya kuvuta ilipambazuka bila mvua, jambo ambalo kwetu ni muujiza wa kutosha. Jozi za maksai zilijipanga mbele ya nyumba. Milango ilikuwa imeng'olewa, vioo vimetolewa, bomba la jiko limeshushwa. Magogo yamelazwa chini, mapipa matupu yamefungwa kuzunguka kuta ili nyumba ielee ikifika majini. Mzee Raín aliinua fimbo yake ndefu.

"Kwa Zoila!" alipaza sauti.

"Kwa Zoila!" watu wakaitikia.

Nyumba iliguna, ikang'oka. Ilianza kuteremka mteremko polepole, inayumba, kuku wanakimbia, kodiani linalia, watu wanasukuma kwa mabega na kutukanana kwa furaha. Nolfa alivuta kamba na wanaume. Viganja vilimchubuka, hakujali.

Clodomiro alikuwa akivuta nyuma yake. Ilikuwa mara ya kwanza kuwa karibu hivyo tangu ile siku ya gatini.

"Nolfa," alisema chinichini. "Kuna jambo nataka kukuambia."

"Sasa ndio umepata mdomo?"

"Ni kuhusu chakula. Nakuomba unisikilize."

"Niliwahi kukusikiliza, Clodomiro. Nilikusikiliza miaka miwili unaniahidi mashua, na mwanamke mwingine akaja kukununulia. Vuta kamba. Ndiyo kazi unayoiweza."

Waliokuwa karibu walicheka. Clodomiro alifunga mdomo. Hakuufungua tena mpaka jioni, na laiti Nolfa angejua angekuja kuufungulia nini, angemsikiliza palepale.

Maji yalikuwa yamekupwa mbali. Nyumba ilifika ufukweni ikakaa juu ya mchanga, ikafungwa kwa kamba nene kwenye jabali la juu, isubiri maji yajae. Bahari ya kwetu ikipwa hukimbia mbali, na ikijaa huja inakimbia vilevile. Hapo katikati ndipo watu hula.

Shimo lilikuwa limeshawaka tangu alfajiri. Mawe ya moto chini, juu yake kome, nyama, soseji, viazi na mikate ya viazi, vyote vimefunikwa majani mapana na tope. Chakula cha shimoni, kuranto, hakuna kingine cha kulisha wavuta nyumba. Walipofunua, mvuke ulipanda na watu wakashangilia.

Nolfa alisogea shimoni kuchukua sahani. Ndipo Etelvina akaja na kiti.

Kiti cha kukalia, chenye mto, kakibeba kichwani toka juu. Akakiweka mchangani mahali pazuri, upepo haufiki.

"Kaa, shoga."

"Ngoja nipakue kwanza."

"Hebu nioneshe viganja. Ona, damu! Utashikaje sahani?" Etelvina alimpuliza viganja kama mtoto. "Miaka yote umepakulia watu. Umesimama, wamekaa. Umebeba, wamekula. Nani aliwahi kukupakulia wewe?"

Hakuna aliyewahi. Hata mkata manyoya alikuwa akigonga meza kwa kijiko.

"Leo ni siku yako. Kaa upakuliwe, mara moja tu katika maisha."

Usikae, Nolfa! Jamani, usikae!

Alikaa.

Miguu ilikuwa inamuuma, mto ulikuwa laini, jua lilikuwa limetoka. Alifumba macho kidogo. Alisikia watu wanacheka, alisikia sufuria, alisikia sauti ya Etelvina ikisema kwa adabu kubwa, "Karibu, mzee Raín." Na alipofumbua macho, sahani ya kwanza ilikuwa mkononi mwa mzee Raín, na mzee Raín alikuwa ameshatafuna kome na kummeza.

Mzee alitazama sahani. Alimtazama Etelvina. Akamtazama Nolfa, mbali kule, kakaa kwenye mto kama mgeni.

"Etelvina," alisema polepole, "sahani hii umenipa kwa niaba ya nani?"

"Kwa niaba?" Etelvina alivua kitambaa cheusi, akafutia mikono. "Mimi ndiye mwenyeji, mzee. Yule pale ni mgeni wangu, nilimwalika aje aone bahari. Asanteni sana majirani kwa kunivutia nyumba. Kuleni mshibe, maana safari haijaisha. Haendi mtu Tenqui. Tunaizungusha majini, kisha tunaipandisha kule juu, kwenye rasi."

Kodiani lilinyamaza katikati ya wimbo.

Nolfa alitoka kitini mbio. "Chakula ni changu! Kondoo ni wangu! Nimenunua mimi kila kitu!"

"Basi muuza duka ndiye mwenye nyumba," Etelvina alisema. "Tumwite aje alale ndani."

Wawili watatu walicheka kabla hawajajizuia. Kicheko kile kilimkata Nolfa kuliko kitu chochote siku ile.

"Mzee Raín! Sema kitu!"

Mzee aliweka sahani mchangani. "Nilidhani mmepatana. Nilikuona umekaa, nikadhani umempa mwenyewe."

"Sikumpa! Nilikuwa nimechoka!"

"Nimekula mkononi mwake, binti. Wote wameniona. Siwezi kukitapika." Na kisha, kwa hasira: "Wewe umezaliwa hapa! Zoila hakukufundisha? Mwenyeji haketi! Mwenyeji haketi hata akiwa anakufa!"

Etelvina alimsogelea Nolfa karibu kabisa, akamshika bega kwa upendo, mdomo sikioni.

"Unajua kwa nini nilikupigia simu?" alinong'ona. "Mwaka mzima nimeomba watu wanipandishie nyumba pale rasini. Watalii wanapapenda, mtu anaamka anaona milima yenye theluji akiwa bado kitandani. Kila niliyemwomba, maksai wake wanachechemea. Nikajiuliza, nani huyu ambaye Huemay na Tenqui haziwezi kumnyima? Zoila. Lakini Zoila amekufa. Nikakukumbuka wewe."

"Ule mkeka..."

"Niliukunja ncha mwenyewe, siku ya pili. Siku ya kwanza uliukanyaga ukapita, nikasema huyu kweli ni kipofu mwenye macho."

Nolfa hakulia. Mimi nilitegemea alie. Alimtoa Etelvina mkono begani kama unavyotoa mdudu, akatembea mpaka kwenye nyumba, akapanda kizingiti, akaingia. Akaenda jikoni kwa mama yake, akakaa sakafuni.

"Nyumba yenye mtu ndani haivutwi!" alipaza sauti kutoka ndani. "Hilo nalikumbuka!"

Ni kweli. Huku kwetu nyumba huvutwa tupu. Mtu akibaki ndani, hakuna atakayegusa nira, maana itasemwa wamevuta jeneza. Mzee Raín aliinua mikono akarudi nyuma. Wavutaji wakaanza kufungua maksai.

"Mtoeni!" Etelvina alifoka. "Clodomiro, mtoe!"

Clodomiro alikuwa amekaa juu ya jabali, pale ilipofungwa kamba. Alikuwa anakula soseji. Hakuinuka.

"Mume gani huyu!" Etelvina alikunja gauni, akaingia mwenyewe.

*

Etelvina alivuta mkono, Nolfa akashika nguzo. Alivuta nywele, Nolfa akamng'ata. Mwishowe Etelvina naye akaketi, mgongo ukutani, anahema.

"Maji yanajaa," alisema.

"Nayaona."

"Utatoka."

"Tangulia wewe. Ukitoka wewe nikabaki mimi, watu watajua nyumba ya nani."

Hapo ndipo Etelvina alipogundua kwamba hawezi kutoka. Aliinama akachungulia mlango usio na mlango. Ulimi wa maji ulikuwa umeshagusa magogo.

"Mama yako alikuwa anakuita," alisema ghafla. "Siku za mwisho. Nolfa, Nolfa, usiku na mchana. Nilimwambia umekataa kuja."

Nolfa alifumba macho. "Clodomiro anakuita kwa jina langu usingizini?" aliuliza.

Etelvina aligeuza uso ukutani. Nolfa akacheka. Walijuana mno hao wawili, kila mmoja anajua pa kuchoma.

Nje watu walianza kupiga kelele. Tokeni! Mmerogwa? Maji yaliingia kupitia nyufa za sakafu, baridi ya kuuma mifupa. Ubao wenye alama ya pasi ulifunikwa. Wanawake hawakusogea. Halafu sakafu ikainuka, taratibu, ikatikisika, na mapipa yakagonga kuta pande zote. Nyumba ilikuwa inaelea.

Kamba ilikaza ikalia. Mkondo wa pale una nguvu, unavuta kuelekea mlango wa bahari kuu, na kitu pekee kilichowashika ni ile kamba ya jabalini. Na pale jabalini alisimama Clodomiro.

Nolfa aliwahi dirishani. Etelvina akawahi la pili.

"Clodomiro!" Etelvina alipiga ukelele. "Wewe punda, vuta kamba! Waambie wavute! Mtoe mwehu huyu ndani ya nyumba yangu!"

"Clodomiro!" Nolfa naye akaita, sauti akailainisha, ile ya zamani. "Kama uliwahi kunipenda hata kidogo, vuta unishushe Tenqui! Nitakutunza! Utaishi kwangu!"

"Usimsikilize! Alikuacha gatini kama gunia!"

"Na yeye amekufanya mtumwa!"

Clodomiro aliwatazama. Alimaliza kutafuna. Akajifuta mdomo kwa mkono wa sweta, akainama, akaokota shoka lake la kuni.

"Anafanya nini?" Etelvina aliuliza.

Nolfa alijua. Alijua kabla shoka halijafika juu, kwa sababu uso ule aliwahi kuuona mara moja, toka juu ya meli, na siku ile aliugeuzia mgongo asiuone zaidi.

"Clodomiro, hapana!" mzee Raín alipiga kelele, anakimbia, miguu inazama mchangani. "Clodomiro!"

"Miaka thelathini," Clodomiro alisema. Hakupaza sauti, lakini maji hubeba maneno, wakamsikia wote wawili. "Miaka thelathini nasikia habari za nyumba."

Pigo la kwanza likakata nusu ya kamba. La pili likaimaliza.

Nyumba ya Zoila iligeuka nusu mzunguko, dirisha lililokuwa na kioo cha kijani likaelekea bahari kuu. Ufukwe ulianza kurudi nyuma. Watu walikimbilia mashua, na mashua ya karibu yenye injini ilikuwa ya Clodomiro, na Clodomiro alikuwa ameketi tena juu ya jabali, shoka limelala mapajani. Pipa moja lilichomoka upande wa jikoni. Sakafu ikainama, maji yakawapiga magotini, jiko la chuma likateleza likaenda kugonga ukuta na kuupasua.

Etelvina aliteleza akaanguka. Alitambaa, akafika kwa Nolfa, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Meno yalikuwa yanagongana.

"Chukua, shoga," alisema. "Nyumba ni yako. Mbele ya Mungu nasema, ni yako, chukua."